Familia Namba Kumi na Moja

Kila aliyesoma shule yetu ya Mtakatifu Blasi humkumbuka Rosalba Zanatta kabla hajamkumbuka mwalimu yeyote, na kwa miaka mingi jambo hilo lilinikera. Mimi nilifundisha historia na dini pale kwa miaka ishirini na sita. Yeye alipika chakula cha mchana. Nikikutana na mwanafunzi wa zamani dukani, hapa hapa mjini kwetu Garroway, ataniuliza hali kwa adabu, kisha uso utamchangamka: na Bi Rosalba je, bado anapika ile supu ya maharage? Bado, namjibu, na mimi bado nafundisha, ahsante kwa kuuliza.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, nywele zimefungwa ndani ya wavu, na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mumewe, Ottorino, aliuacha mgongo wake kwenye machimbo ya nikeli, hivyo mshahara wa jikoni ndio uliokuwa ukiendesha nyumba. Hukumsikia akilia na hilo. Ulichosikia ni matani. Mvulana akirudi kwenye foleni mara ya tatu, atamuuliza kama tumbo lile amewapangisha na wengine. Wasichana waliojinyima ili sketi za sare ziwakae vizuri aliwaambia, "Kula, mwanangu. Mifupa tunawapa mbwa." Na mimi nikisimama mbele yake na sinia langu, nikichungulia sufuria kama mkaguzi, atasema, "Mwalimu Mulvihill, umekuja kula au umekuja kusahihisha?" Watoto wote watacheka. Nilicheka nao, lakini si sana.

Sasa niwaeleze habari ya maboksi, maana ndiyo iliyoniponza.

Kila Majilio, majuma yale ya kungoja Noeli, shule yetu hufunga maboksi sitini ya vyakula na nguo kwa familia za mji zilizopungukiwa. Kila darasa na boksi lake, mengine mawili. Familia hazina majina. Boksi lina kadi, na kadi ina namba, umri wa watu wa nyumba hiyo, vipimo vya viatu, na ombi moja kama wanalo. Majina aliyajua Sista Jeannine peke yake, mtawa wa mwisho kubaki shuleni kwetu, na orodha aliilaza utawani chini ya kufuli. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi wengine mwiko wetu ulikuwa mmoja tu: kilichoandikwa kwenye kadi hakitoki nje ya chumba cha kufungia maboksi, na hakuna kukisia. Mimi mwenyewe nililihubiri jambo hilo kila Desemba mbele ya darasa, kwa kirefu, nikinyoosha kidole.

Kazi ya kupanga maboksi ilikuwa ya Rosalba. Unga chini, makopo pembeni, machungwa juu yasije yakapondeka. Na katika kila boksi alificha chupa moja ya mchuzi wa nyanya aliouchemsha mwenyewe nyuma ya nyumba yake mwezi wa nane. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Mwaka ninaousimulia, Sista alipasuliwa goti. Kadi na ufunguo wa friza ya bata mzinga, mmoja kwa kila boksi, vikaangukia mikononi mwangu, juu ya kazi niliyokuwa nayo tayari, ile ya kuandika barua ya mwisho wa muhula.

Barua hiyo ilikwenda kila nyumba yenye mtoto Mtakatifu Blasi. Ndani yake kulikuwa na habari zetu zote: wasichana wa hoki wameifunga shule ya serikali mbili bila, kwaya imekwenda kuwaimbia wazee na mzee mmoja amewaomba wanyamaze kidogo, skafu kumi na nne zimeokotwa, wenyewe hawaonekani, tanuri la kupashia jengo joto limekohoa wiki nzima na limepakwa mafuta kama mgonjwa wa kufa, ingawa si na paroko. Watu waliisoma kwa ajili ya vichekesho vyangu. Nililijua hilo, na nililipenda kuliko ilivyofaa. Baba wa watu hunisimamisha nje ya kanisa, theluji inamwangukia kofiani, aniambie Mwalimu, umetuvunja mbavu nyumba nzima.

Sista ndiye aliyekuwa akiisoma kabla haijachapwa, penseli mkononi, na kila mara alifuta kitu. Mwaka ule yuko kitandani, hospitali ni mwendo wa dakika sita kwa gari. Nilimwambia karani wa shule kwamba muda hautoshi. Muda ulikuwepo. Nilichokuwa sikitaki ni ile penseli.

Basi nikiwa napanga kadi, nikaiona ya namba kumi na moja. Mwanamume miaka sitini na moja, mwanamke hamsini na minane, msichana kumi na minne. Na chini, kwa mwandiko wa Sista: "Bata mzinga hapana, tafadhali. Soseji zitatosha." Kwetu Garroway Noeli bila bata mzinga haijawahi kusikika. Nikacheka peke yangu pale chumbani. Kisha nikarudi mezani nikaandika hivi:

"Familia namba kumi na moja wanaomba wasiletewe bata mzinga. Hatujui ndege huyo aliwakosea nini. Tunawaombea wapatane naye kabla ya Noeli, na kama haiwezekani, watakula soseji."

Mstari mmoja chini yake nikamshukuru Rosalba Zanatta, aliyesimama siku nne akipanga maboksi sitini bila kuvuta kiti.

Barua ikatoka Jumanne. Jumatano chumba cha walimu kilinipigia makofi. Mkuu wa shule, Bi Charlebois, ambaye kucheka kwake ni kama mvua ya Januari, alicheka. Kufikia mchana watoto walikuwa wanaitana kwenye korido: "Ondoka hapa, we namba kumi na moja!" Mmoja analia kama bata mzinga, mwenzake anakimbia. Niliwasikia kupitia mlango. Ningeweza kutoka nikawakemea. Nilikaa nikasikiliza, na niseme ukweli, nilivimba kichwa.

Alhamisi baada ya chakula Rosalba alipanda ngazi akaja darasani kwangu. Sikuwahi kumwona ghorofa ya juu hata siku moja. Alikuwa na aproni yake, mikono myekundu ya maji ya moto, na alifunga mlango nyuma yake.

"Mwalimu, ndege waliomo frizani ni hamsini na tisa," akasema. "Nataka wa sitini."

Nikamweleza, taratibu kama unavyomweleza mtoto, kwamba hesabu iko sawa, namba kumi na moja hawataki.

"Wameghairi."

Nikamuuliza amejuaje, ilhali majina ni siri hata kwake. Sikumngoja ajibu, nikaendelea. Nikasema hatuwezi kwenda hivyo, watu leo wanakataa ndege, kesho wanamtaka, keshokutwa wataagiza kamba wa baharini. Nilikuwa bado nachekesha. Nilicheka mwenyewe. Yeye alingoja mpaka nilipomaliza.

"Ni mimi," akasema. "Kumi na moja ni mimi."

Mengine alinieleza amesimama, kwa maneno machache, akitazama ramani ukutani. Malipo ya fidia ya mgongo wa Ottorino yalikatwa mwezi wa tisa na rufaa imelala kwenye meza ya mtu. Oveni yao ilikufa Oktoba. Nyumbani wako watatu, pamoja na Livia, mtoto wa binti yao aliyekwenda magharibi kutafuta kazi. Livia huyo alikuwa mwanafunzi wangu, darasa la tisa, safu ya tatu. Ni Sista aliyemshurutisha Rosalba akubali kuandikwa, naye akakubali kwa sharti kwamba wasipewe bata mzinga. Hana pa kumwoka, na ndege akienda kuozea kwake, kuna nyumba nyingine itakosa. Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya ule mstari mmoja. Ilikuwa ni heshima yake kwa watu asiowajua, na mimi niliigeuza kichekesho nikaimwaga kama mtama penye kuku wengi.

"Livia aliisoma barua jana mezani," akasema. "Alipofika hapo alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Ottorino akatazama sahani yake. Mimi nilicheka, Mwalimu. Ningefanyaje? Nilicheka kuliko mtoto."

Nikamuuliza sasa bata mzinga wa nini, ikiwa oveni ni mbovu.

"Nilikuwa nimwambie Livia kwamba boksi ni zawadi ya shule kwa wafanyakazi. Lakini si mjinga yule. Anajua oveni imekufa. Akifungua boksi akakuta soseji, hesabu ataipiga mwenyewe. Akikuta bata mzinga, atasema hawa watu wa shule hawajui kitu, na yataishia hapo."

"Kwa hiyo unataka ndege usiyeweza kumpika."

"Nataka mtoto asijue," akasema. "Huko kwenye korido kuna watoto wanalia kama bata mzinga. Umewasikia?"

Niliwasikia. Nikasema sikuwasikia.

Nimeyarudia mara nyingi yale niliyomwambia baada ya hapo, na hayapendezi hata mara moja. Nilisema sikujua. Nilisema hakuna ambaye angeweza kujua. Nilisema ulikuwa utani tu, wala sikuwa na nia mbaya. Nilisema oveni yangu ni kubwa, amlete ndege kwangu, na akaniuliza amwambie mtoto kwamba anampeleka kwa mwalimu kwa sababu gani. Nilisema nitashughulikia. Neno samahani sikulisema, mimi niliyekuwa nikiwapanga watoto mistari waende kuungama. Nilimwonea haya, na haya yangu yakageuka ukali. Nikakumbuka kwa sauti kwamba nina madaftari ya kusahihisha. Akakaza aproni yake, akasema masinia yanamngoja, akashuka.

Ndege nilimnunua mwenyewe jioni ile, na nilichagua mkubwa kuliko wote dukani, wa kilo nane na zaidi, nikambeba kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Nilipomtia frizani nilijisikia karibu mtu mwema.

Ijumaa ilikuwa Misa ya kufunga muhula, ukumbini, watoto mia sita na makoti yao. Tulipofika kwenye sala ya kukiri dhambi, pale pa kujipiga kifua, nilikiona kichwa cha Rosalba viti viwili mbele yangu, safari hii bila wavu, nywele zimechanwa. Nilijipiga kama kila mtu. Baadaye tulipokuwa tunatoa maboksi kwenda kwenye magari ya watu wa parokia, nililifungua la kumi na moja nimweke ndege. Nikatafuta ile chupa ya nyanya. Maboksi hamsini na tisa yalikuwa nayo, hilo halikuwa nayo. Rosalba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anafunga kamba boksi lingine, anamtania mvulana kwamba kwa mikono laini vile aende akawe askofu. Hakuna mtu pale ukumbini ambaye angedhani chochote. Mkuu wa shule alimpa mkono wa asante, akanipa na mimi, kwa kazi yangu nzuri na kwa barua iliyochangamsha watu.

Likizo hiyo sikula kwa raha. Mke wangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni tumbo.

Januari tuliporudi, niliwapa darasa la tisa kazi ninayowapa kila mwaka, waandike ukurasa mmoja juu ya siku moja ya likizo. Nilizisoma kazi zao darasani saa yangu ya mapumziko. Wengi waliandika juu ya pikipiki za theluji na binamu zao. Ya Livia Zanatta ilikuwa ya saba au ya nane.

Aliandika kwamba shule iliwapa wafanyakazi maboksi, na katika lao kulikuwa na bata mzinga mkubwa hata miguu ikazuia mlango wa friji kufunga, wakamweka kibarazani kwenye theluji na babu yake akawa anamlinda dhidi ya kunguru. Oveni yao ni mbovu, tafadhali mwalimu asimwambie mtu, Nonna, ndivyo amwitavyo bibi yake, hapendi watu wajue. Kwa hiyo Nonna alimgawa ndege huyo kwa jirani yao mjane, mwenye watoto watano, akamwambia kwao wamepewa wawili. Wao wakala ugali wa Kiitaliano, polenta, na soseji zilizopikwa juu ya jiko. Na hapo ndipo alipoandika maneno ambayo ningependa kuyasahau:

"Nikiwa natafuna soseji nikawakumbuka wale namba kumi na moja. Kumbe labda na wao oveni yao imekufa. Niliwacheka watu walio kama sisi. Nililia chooni. Nilimwambia Nonna kwamba mwalimu Mulvihill anapaswa kuwaomba radhi. Nonna akasema mwalimu alishawaomba, aliwaendea yeye mwenyewe, uso kwa uso. Nilifurahi sana kusikia hivyo."

Niliisoma mara mbili. Kisha nikaiweka chini ya nyingine, kana kwamba kuifunika kungesaidia.

Kengele ilipolia, watoto wakaingia, na somo likapita sijui vipi. Mwisho wake Livia alibaki nyuma akifunga mkoba polepole. Alikuwa na mabega ya bibi yake, lakini bila ile sauti. Akaja mpaka mezani.

"Mwalimu, nikuulize?"

"Uliza."

"Wale namba kumi na moja. Ulipowaomba radhi, walisemaje?"

Alinitazama kwa heshima. Hiyo ndiyo iliyoniua. Miaka yote nilitaka watoto wanitazame hivyo, badala ya kumtazama mpishi hivyo, na sasa nilikuwa nimepata, na haikuwa yangu. Ningeweza kumwambia bado sijawaendea. Ingekuwa kweli, na ingemfanya bibi yake mwongo.

"Walinyamaza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Akasema hata yeye angenyamaza, akaenda zake.

Nilishuka jikoni. Chakula kilikuwa kimekwisha, viti vimepandishwa juu ya meza, na Rosalba alikuwa peke yake anapiga deki, ndoo pembeni, mgongo kwangu. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno ngazi nzima, lakini yakabaki machache.

"Bi Rosalba, samahani. Nilipaswa kusema siku ile ile, na sikusema. Nisamehe."

Hakugeuka. Aliendelea kusukuma maji kuelekea kwenye mfereji.

"Ulishasema," akasema. "Mtoto nimemwambia umesema. Usije sasa ukanifanya mwongo."

Nikamwambia kwamba Livia ameniuliza wale watu walijibu nini, nami nimemjibu kwamba walinyamaza.

Hapo akaacha kupiga deki. Akaegemea mpini, akalifikiria jambo hilo, bado ananipa mgongo.

"Basi walinyamaza," akasema. "Toka, Mwalimu. Sakafu imelowa."